Bahari ya Triasi Iliyobaki Mlimani

Kusini kabisa mwa Uswisi, mahali ambapo mpaka wa nchi hiyo unajichomeka ndani ya Italia, upo mlima wenye umbo la piramidi uitwao Monte San Giorgio. Kimo chake ni mita 1,097, na mtu aliyekulia Moshi akiutazama Kilimanjaro kila asubuhi angeuita kilima. Ziwa Lugano liko chini yake upande wa kaskazini, msitu umeufunika hadi juu, na kwenye mteremko wa kusini kimejibanza kijiji cha Meride: nyumba za mawe, vichochoro vyembamba, mashamba ya zabibu pembeni. Ndani ya kijiji hicho yamo makumbusho ya visukuku yenye ghorofa nne, na habari zinazosimuliwa humo ni za bahari iliyokuwa hapo miaka milioni 242 iliyopita.

Mgeni hupokelewa na mnyama. Ni sanamu ya Ticinosuchus, reptilia wa urefu wa mita 2.5 hivi, mwenye mgongo wa magamba ya mfupa na miguu iliyosimama wima chini ya mwili, tofauti na kenge anayeburuta tumbo. Jina lake linamaanisha mamba wa Ticino, yaani wa jimbo lile lile analoonyeshwa. Hakuwa mamba hasa, lakini alikuwa wa ukoo mkubwa ambao mamba wa leo ni wazao wake waliobaki. Aliishi nchi kavu, na mwili wake ukaishia baharini kwa namna ambayo hakuna anayeijua kwa hakika. Pengine mafuriko ya mto yalimsukuma.

Triasi ni kipindi kilichodumu miaka milioni 51 hivi, kuanzia takribani miaka milioni 252 hadi milioni 201 iliyopita. Aliyekipa jina ni Friedrich von Alberti, Mjerumani aliyekuwa akisimamia machimbo ya chumvi. Mwaka 1834 aliandika kwamba mawe ya kusini mwa Ujerumani yamepangana kwa mafungu matatu: mawe mekundu ya mchanga chini, chokaa iliyojaa makombe katikati, udongo na mchanga wa rangi mbalimbali juu. Aliyachukua mafungu hayo kuwa jamii moja yenye watatu, na jina likaenea hata kwenye nchi ambazo mawe yake hayana utatu huo.

Kipindi chenyewe kilianza na msiba. Maangamizi makubwa kuliko yote yanayojulikana katika historia ya uhai yalikuwa yametoka kufagia sehemu kubwa ya viumbe wa baharini na wa nchi kavu. Waliosalia walikuta dunia yenye nafasi tupu kila upande, nao wakajaribu maumbo ya kila aina. Ndani ya Triasi walitokea dinosaria wa kwanza na mamalia wa kwanza. Kasa wakaanza kupata gamba. Reptilia kadhaa wakarudi majini na kuwa waogeleaji hodari. Mabara yote yalikuwa yameshikana kuwa bara moja, Pangea, na upande wa mashariki wa bara hilo iliingia bahari ya joto ambayo wanajiolojia wanaiita Tethys. Mahali palipo Meride leo palikuwa ukingoni mwa Tethys, karibu na nchi kavu lakini chini ya maji.

Jambo moja humshangaza msomaji wa Afrika anapolisikia mara ya kwanza. Mawe ya Monte San Giorgio, kwa hesabu za wanajiolojia, hayakuwa upande wa Ulaya. Yalilala juu ya kipande cha ganda la dunia kiitwacho Adria, ambacho wengi wao wanakihesabu kuwa rasi ya Afrika iliyochomoza kaskazini. Afrika iliposogea na kuisukuma Ulaya, Adria ilitangulia kugonga, na mgongano huo ndio ulioinua milima ya Alpi na kuipandisha sakafu ya bahari hadi ikawa mlima wenye miti.

Lakini mawe ya Triasi yako mengi duniani, na mengi yake hayana hata mfupa mmoja. Siri ya mlima huu ni hewa. Sehemu hiyo ya bahari ilikuwa ghuba yenye utulivu, iliyokingwa na miamba isiwasiliane sana na bahari kuu. Inakadiriwa kwamba maji yake yalikuwa na kina cha mita 30 hadi 100. Juu yalikuwa na oksijeni ya kutosha, na samaki, ngisi wa kale na reptilia walistawi humo. Chini hayakuwa na oksijeni kabisa. Mzoga uliozama haukupata kaa wa kuutafuna wala mdudu wa kuutawanya; ulilala penye tope laini, tope likaufunika kidogo kidogo, na mifupa ikabaki imeshikana kama ilivyokuwa mnyama alipokufa. Mara kwa mara volkano za jirani zilimwaga majivu, yakatua baharini na kuacha tabaka jembamba. Ndani ya majivu hayo mna punje za madini ya zirkoni ambazo hupimwa umri katika maabara, na ndiyo sababu wataalamu wanaweza kutaja miaka milioni 242 bila kubahatisha.

Hali hiyo ilijirudia zaidi ya mara moja. Mlimani kuna matabaka kadhaa ya visukuku yaliyopandana, kila moja likiwa na viumbe vyake, na linalojulikana kuliko yote ni lile la chini, mwamba mweusi wenye unene wa mita 16 hivi unaoitwa Formesheni ya Besano kwa jina la kijiji cha upande wa Italia. Ukipasua kipande chake kipya, kinanuka mafuta.

Na mafuta ndiyo yaliyoleta machimbo upande wa Uswisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na kiwanda kidogo Spinirolo, karibu na Meride, kilichopasha moto mwamba huo mweusi, kikakamua mafuta yake na kuyageuza kuwa dawa ya ngozi iliyouzwa kwa jina la Saurol. Watu walijipaka mwilini mabaki ya viumbe wa Triasi ili kutibu ukurutu. Wachimbaji walikuwa wakikutana na mifupa ndani ya mawe waliyoyapeleka tanuruni, na ni haki kuwaza ni reptilia wangapi wasiojulikana walioishia kwenye vichupa vya dawa.

Upande wa Italia watu walikuwa wameanza kuchimba visukuku tangu karne ya 19. Kasisi na mwanajiolojia Antonio Stoppani alichimbisha Besano mwaka 1863 na tena mwaka 1878, na waliyoyapata yakaenda Makumbusho ya Historia ya Asili ya Milano. Uswisi ilingoja hadi mwaka 1924, pale Bernhard Peyer wa Chuo Kikuu cha Zurich alipoanza uchimbaji wa kisayansi mlimani. Kazi hiyo ilishika miongo kadhaa. Mwanafunzi na mrithi wake, Emil Kuhn-Schnyder, ndiye aliyefanya lile ambalo hadi leo walimu wa fani hii hulitaja: kati ya mwaka 1950 na 1968, mahali paitwapo Mirigioli, timu yake ilifungua eneo la mita za mraba 240 hivi na kushuka nalo tabaka kwa tabaka, ikiandika kila kipande kimetoka tabaka gani na kimelala vipi. Miaka 18 kwa shimo moja! Watu wenye pupa wangekwishabomoa mlima mzima kwa muda huo, na wasingejua nani aliishi kabla ya nani.

Mnyama maarufu kuliko wote aliyetoka humo ni Tanystropheus, na kisa chake kinafaa kusimuliwa polepole.

Mwaka 1886 Mwitalia Francesco Bassani alieleza mifupa ya mnyama mdogo kutoka Besano, aliyepondeka vibaya. Alimwita Tribelesodon kwa sababu baadhi ya meno yake yalikuwa na ncha tatu. Pamoja na meno kulikuwa na mifupa mirefu, myembamba, isiyoeleweka. Baadaye Franz Nopcsa, mwana wa ukoo wa kikabaila wa Austria-Hungaria aliyekuwa pia bingwa wa visukuku, aliamua kwamba mifupa hiyo ni vidole vilivyoshikilia bawa la ngozi, na kwamba mnyama huyo alikuwa reptilia arukaye. Hakuwa mjinga. Reptilia warukao wana kidole kirefu kupita kiasi, na mifupa iliyokuwa mezani ilikuwa mirefu kupita kiasi. Kilichokosekana ni mnyama mzima.

Mwaka 1929 mnyama mzima akapatikana. Timu ya Peyer ilichimbua mifupa iliyoshikana ya Tanystropheus, jina ambalo lilikuwa limekwisha kutolewa Ujerumani katikati ya karne ya 19 kwa pingili chache ndefu zisizojulikana zimetoka wapi mwilini. Jibu lilikuwa mbele yao: vile “vidole vya bawa” vilikuwa pingili za shingo. Mrukaji akashushwa kutoka angani na kuwekwa ufukweni. Mwenye mwili mkubwa alifikia mita 5 hadi 6 kutoka pua hadi mkia, na karibu nusu ya urefu huo ilikuwa shingo peke yake, yenye pingili 13 zilizorefushwa. Twiga, pamoja na sifa zake zote, ana pingili saba tu, sawa na binadamu.

Je, shingo hiyo ilikuwa ya kazi gani? Hapo wataalamu waligombana kwa karibu karne nzima. Wengine walimchora amesimama ukingoni mwa maji akivua kwa shingo. Wengine walimtia baharini moja kwa moja. Tatizo jingine lilikuwa kwamba mlimani walipatikana wakubwa wa mita tano na wadogo wa mita moja na kidogo, wenye meno tofauti. Ikadhaniwa kwamba wadogo ni watoto, na kwamba mtoto alikula wadudu ufukweni hadi akue na kuhamia kwenye samaki.

Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Stephan Spiekman ilimaliza sehemu ya ubishi huo. Kwanza walikata vipande vyembamba vya mifupa ya wale wadogo na kuhesabu alama za ukuaji ndani yake. Hawakuwa watoto. Walikuwa wanyama waliokomaa wa spishi nyingine. Kisha fuvu la mmoja wa wakubwa, lililopondwa likawa bapa, lilipitishwa kwenye eksirei zenye nguvu kubwa, na kila mfupa ukaunganishwa upya kwenye kompyuta. Pua yake ilikuwa juu ya mdomo, kama ya mamba anayevizia. Meno yake marefu yalipishana ya juu na ya chini, mtego mzuri wa samaki na ngisi. Spishi hiyo kubwa ikapewa jina Tanystropheus hydroides, na ile ndogo ikabaki na jina la zamani, Tanystropheus longobardicus. Viumbe wawili wa ukoo mmoja waliishi katika maji yale yale bila kugombea chakula, kila mmoja na meno yake.

Shingo ndefu, hata hivyo, ina gharama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, Spiekman na Eudald Mujal walichunguza vielelezo viwili vya Monte San Giorgio, kimoja cha kila spishi, ambavyo vilikuwa na kichwa na sehemu ya shingo bila mwili. Mifupa ilikuwa imevunjika mahali pa kukatikia, na palikuwa na alama za meno. Wanyama hao walikatwa shingo na mla nyama aliyekwenda na mwili, akaacha kichwa kizame. Kwa bahati hiyo mbaya yao, wanasayansi wakapata ushahidi wa uwindaji wa miaka milioni 242.

Wakazi wengine wa ghuba hiyo ni wengi mno kutajwa mmoja mmoja. Hati za Urithi wa Dunia zinataja aina 30 hivi za reptilia na 80 za samaki, mbali na viumbe wengi wasio na uti wa mgongo. Mixosaurus alikuwa iktiosauri mdogo, mwogeleaji mwenye umbo la samaki ingawa alivuta pumzi juu ya maji. Baadhi ya majike yamepatikana na vijusi tumboni, dalili kwamba hawakutaga mayai. Samaki Saurichthys, mwembamba na mwenye mdomo mrefu, naye amepatikana na watoto tumboni. Cyamodus alikuwa na meno bapa ya kupondea makombe. Neusticosaurus, kijitambaazi cha majini ambacho kingeenea mkononi akiwa mdogo, amepatikana kwa mamia, kiasi kwamba watafiti wameweza kufuatilia ukuaji wake hatua kwa hatua, jambo ambalo mnyama anayejulikana kwa fuvu moja hawezi kutoa. Ceresiosaurus, mkubwa zaidi, amepewa jina la kale la Ziwa Lugano, Ceresio; na Serpianosaurus jina la kitongoji cha Serpiano kilicho mlimani. Wanakijiji wa hapa wamepata kuona majina ya vitongoji vyao katika vitabu vya sayansi vya Tokyo na Chicago.

Ticinosuchus yule wa mlangoni naye ana kisa kidogo. Tangu miaka ya 1830 nyayo za ajabu zilikuwa zikijulikana kutoka mawe ya Triasi ya Ujerumani. Zilifanana na mkono wa mtu, pamoja na kidole kilichotoka pembeni kama gumba, ndiyo maana mnyama asiyejulikana aliyeziacha aliitwa Chirotherium, mnyama wa mkono. Wakamdhania dubu, nyani, hata chura mkubwa. Bernard Krebs alipomweleza Ticinosuchus mwaka 1965, alikuwa na mifupa ya mguu iliyoshikana vizuri, na mguu huo uliingia katika unyayo ule bila taabu. “Gumba” lilikuwa kidole cha tano, cha upande wa nje. Mnyama hasa aliyekanyaga tope la Ujerumani huenda hakuwa Ticinosuchus mwenyewe, lakini alikuwa wa jamii yake.

Sasa, mgeni anayefika Meride akitarajia kuona hazina yote hiyo lazima aambiwe ukweli mapema. Sehemu kubwa ya vielelezo bora haipo kijijini. Vilivyochimbwa na Peyer na Kuhn-Schnyder vilivuka milima kwenda Zurich, mji unaosema Kijerumani, ilhali Ticino inasema Kiitaliano; hadi leo viko katika chuo kikuu cha huko, vinatunzwa vizuri na kutafitiwa kila mwaka. Vya upande wa pili vilikwenda Milano. Huko yakatokea maafa: Agosti 1943 mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliyaangukia makumbusho ya Milano, na mkusanyo wa Besano ukateketea, pamoja na yule Tribelesodon wa Bassani. Waitaliano walianza upya. Mwaka 1993 huko Besano iligunduliwa iktiosauri ya mita zaidi ya tano, ikapigwa eksirei ndani ya mawe yake kabla ya patasi kugusa, ikasafishwa kwa maelfu ya saa za kazi, na mwaka 1996 ikapewa jina Besanosaurus.

Kwa hiyo Meride ina baadhi ya vielelezo vya asili, ina nakala za plasta, ina sanamu na michoro. Mtu anaweza kuyadharau makumbusho ya namna hiyo kwa kusema yanaonyesha vivuli. Angekosea. Zurich inaweza kukuonyesha mfupa. Haiwezi kukuonyesha mahali ulipolala. Kutoka mlango wa makumbusho ya Meride unaanza njia ya miguu inayopanda msituni, ikipita karibu na mahali pa uchimbaji wa zamani na penye mabango ya maelezo, na mtoto wa shule aliyetoka kumtazama Tanystropheus ukutani anaweza kulishika kwa kiganja tabaka jeusi alimotoka. Katika kijiji jirani cha Arzo kuna machimbo ya jiwe la mapambo lenye mabaka mekundu ambalo limepamba madhabahu za makanisa ya nchi hiyo. Ni la umri wa karibu zaidi, kipindi cha Jurasi. Katika matembezi ya siku moja mtu anapita kwenye makumi ya mamilioni ya miaka, na makumbusho ndiyo yanayompa ufunguo wa kusoma anachokikanyaga. Hiyo ndiyo kazi ya makumbusho ya mkoa, na makumbusho makubwa ya mjini hayawezi kuifanya kwa niaba yake.

Waliolipa gharama walielewa hivyo. Baada ya upande wa Uswisi kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2003, na ule wa Italia kuongezwa mwaka 2010 ili bahari isikatwe tena na mpaka wa forodha, makumbusho madogo ya kijiji yalikabidhiwa kwa msanifu majengo Mario Botta. Botta ni mzaliwa wa Mendrisio, mji ulio karibu tu, na amejenga makanisa, benki na makumbusho ya sanaa sehemu nyingi za dunia. Hapa aliunganisha nyumba ya kale ya kijiji na jengo jipya bila kuufanya mtaa uonekane umevamiwa. Mlango ulifunguliwa mwaka 2012.

Kuna sababu ya karibu zaidi ya msomaji wa Afrika Mashariki kukijali kijiji hiki. Tanzania nayo ina mawe ya Triasi ya Kati yenye mifupa, na umaarufu wake miongoni mwa wataalamu si mdogo. Hayo si ya Tendaguru. Dinosaria wakubwa wa Tendaguru, mkoani Lindi, waliopelekwa Berlin, ni wa Jurasi, wachanga kwa karibu miaka milioni 90. Mawe ya Triasi yako katika bonde la mto Ruhuhu, unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa karibu na Manda, na huitwa Matabaka ya Manda. Hayakuwa sakafu ya bahari bali nchi kavu yenye mito, ndani kabisa ya Pangea.

Mjiolojia wa serikali ya Tanganyika, G. M. Stockley, aliripoti mifupa ya huko mwanzoni mwa miaka ya 1930. Francis Rex Parrington wa Cambridge akaja mwaka 1933 na kukusanya. Ernst Nowack akakusanya kwa ajili ya Tübingen, Ujerumani. Mwaka 1963 ukaja msafara kutoka London. Mifupa iliondoka, na mingi ilikaa kabatini kwa miongo bila jina rasmi. Kisha majina yakaja kwa mfululizo. Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dinosaria, alitangazwa mwaka 2010. Nyasasaurus alifuata mwaka 2013, akiwa huenda dinosaria wa kale kuliko wote, au jirani yao wa karibu kabisa. Mwaka 2017 Teleocrater, aliyeokotwa na Parrington na kukamilishwa na mifupa mipya, alionyesha kwamba jamaa wa mwanzo wa dinosaria walitembea kwa miguu minne na walikuwa na vifundo vya mguu vya kimamba. Mandasuchus, wa tawi la mamba kama Ticinosuchus wa Meride, akapata maelezo rasmi mwaka 2018. Na mwaka 2022 fuvu lililochukuliwa na msafara wa 1963 lilipewa jina Mambawakale ruhuhu, kwa Kiswahili, ili kuwatambua Watanzania waliofanya kazi katika msafara ule na ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Mifupa iliyochimbwa katika misafara ya karne hii ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Hilo ni badiliko kubwa na jema. Lakini kijana wa Litumba au Manda, anayechunga mbuzi juu ya mawe hayo, hana mahali pa jirani pa kumwona Teleocrater amesimama kwa miguu yake minne, wala bango la kumweleza kwa nini wageni wenye nyundo wanarudi kila baada ya miaka michache.

Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, tawi la Makumbusho ya Taifa, yenye jengo, walinzi na wageni wa shule. Chumba kimoja pale, chenye nakala za plasta za mafuvu yaliyoko London na Dar es Salaam, ramani ya Ruhuhu, sanamu ya Mandasuchus na maelezo ya Kiswahili, kingetosha kwa kuanzia. Wenye mamlaka ya elimu na utalii wa mikoa ya Ruvuma na Njombe walifikirie, na vyuo vya nje vilivyofaidika na mifupa hiyo viombwe nakala. Plasta si ghali, na maombi ya namna hiyo si mageni kwao. Makumbusho ya Meride yalifunguliwa mwaka 1973 yakiwa madogo, na jengo la Botta lilikuja karibu miaka 40 baadaye.